1.3.1: Namba iliyomtoa Shangazi machozi

Najua nimeadimika, na wengine mlishaanza kuulizana pale kantini kama nimesimamishwa masomo au nimeoa. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa nimezama kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, na mnajua wenyewe, ukishazama humo unaibuka siku ya kutetea au huibuki kabisa. Leo ni Jumapili, saa nne usiku, umeme upo, mwenzangu wa chumbani anakoroma kama jenereta la harusi, nikasema ngoja niwape mkasa mzima kabla haujapoa.

Mkasa wenyewe unahusu namba. Siyo namba za hesabu ya mwaka wa kwanza zile zilizotupa sapu. Ni hizi namba ndogo unazoziona chini ya kioo ukifungua programu, toleo 1.2 sijui toleo 3.0.1, ambazo kila mtu anazipita bila kuzitazama. Mimi nilikuwa nazipita pia. Sasa hivi siwezi.

Tuanze mwanzo. Kikundi chetu tuko wanne. Majina siyataji kwa sababu wote wanapita humu ndani na mmoja ana mkono mwepesi. Yupo Profesa, ambaye si profesa wa kitu chochote ila anavaa miwani na anapenda kusema "kimsingi". Yupo Dada Mkuu, kiongozi wetu, anayetuamsha saa kumi na moja alfajiri kwa simu. Yupo Kidevu, kwa sababu ya ndevu tatu alizo nazo. Na mimi.

Projekti yetu ni mfumo wa kuwekea kumbukumbu za VICOBA. Wazo lilitoka kwa shangazi yangu, ambaye ni mweka hazina wa kikundi chao kule uswahilini kwetu. Wako akina mama 28, wanakutana kila Jumamosi jioni, wananunua hisa, wanakopeshana, na riba ni asilimia 10 kwa mkopo wa miezi mitatu. Kisanduku kina kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Shangazi ameshika hazina miaka sita na hakuna shilingi iliyowahi kupotea. Nilipomwambia tunataka kumfanyia mfumo wa simu akacheka, akasema, "Haya baba, leteni hiyo kompyuta yenu, lakini daftari langu silitupi." Kumbukeni hilo daftari.

Mfumo tukaugawa vipande vinne, kila mtu na chake. Profesa akachukua maktaba ya hesabu, yaani kile kipande kinachokokotoa hisa, mkopo na riba. Dada Mkuu akachukua seva. Kidevu akachukua kipande cha meseji, kinachokaa kwenye laptopu chumbani kwake na modemu, na kila Ijumaa jioni kinamtumia kila mwanachama meseji ya deni lake ili Jumamosi aje amejiandaa. Mimi nikachukua programu ya simu, anayotumia Shangazi pamoja na katibu na mwenyekiti. Seva inatumia maktaba ya Profesa. Meseji nayo inatumia maktaba hiyohiyo ya Profesa. Programu yangu haikokotoi kitu, inauliza seva tu.

Kuhusu namba za matoleo, Dada Mkuu alitoa amri siku ya kwanza: namba ni moja kwa wote. Mfumo ni 1.0, basi kila kipande ni 1.0. Kipande kimoja kikibadilika, vyote vinne vinapanda pamoja. Ilionekana safi sana. Mtu akikuuliza mko toleo gani, jibu ni moja.

Ikaenda hivyo wiki kadhaa, halafu ikaanza kutuchosha. Mimi nilikuwa nimeandika "Mkpo" badala ya "Mkopo" kwenye kitufe. Nikarekebisha herufi moja, na kwa ajili ya ile herufi vipande vyote vinne vikawa 1.1, seva ikazimwa na kuwashwa usiku wa manane, Kidevu akaamshwa. Wiki iliyofuata Kidevu akabadilisha salamu ya kwenye meseji kutoka "Habari" kwenda "Ndugu mwanachama", na mimi ikabidi nitoe programu ya simu toleo 1.2 ambayo ndani yake hakuna kilichobadilika isipokuwa ile namba. Shangazi akaletewa taarifa kwamba kuna toleo jipya, akapakua MB 22 kwa bando lake mwenyewe, kisha akanipigia.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Mmeongeza nini?"

"Ee... hakuna Shangazi."

"Sasa mbona mmenilia bando langu?"

Nikaishiwa pozi. Tangu siku hiyo akiona taarifa ya toleo jipya anaifuta. Namba yetu ilikuwa imeshadanganya mara moja, kwa nini aiamini mara ya pili?

Basi tukakaa kikao kwenye maabara ya kompyuta, tukakubaliana kwamba kuanzia 1.3.0 kila kipande kina uhuru wake. Kila mtu anatoa toleo lake akiwa tayari, na anaongeza namba yake mwenyewe bila kumsubiri mwenzake. Kidevu akapiga ngumi juu akisema uhuru, uhuru! Tukaenda kula chipsi mayai kwa furaha. Kitu ambacho hatukukubaliana, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuuliza, ni hiki: hizo namba maana yake ni nini?

Sasa sikilizeni. Mwanzoni ile fankisheni ya Profesa inayoitwa "deni" ilikuwa inarudisha jumla yote, mtaji uliobaki pamoja na riba. Mama aliyekopa 300,000 inarudisha 330,000. Shangazi akaomba kwenye simu aone mtaji peke yake na riba peke yake. Ombi la haki kabisa. Profesa akaingia, akabadilisha mstari mmoja: sasa "deni" inarudisha mtaji tu, na riba ina fankisheni yake mpya. Akamwambia Dada Mkuu kwa mdomo wakiwa foleni ya chakula, Dada Mkuu akarekebisha seva ijumlishe vyote viwili. Nikajaribu kwenye simu, 330,000, safi. Profesa akaweka namba. Kwa kuwa amebadilisha mstari mmoja tu, akaona ni jambo dogo, akaandika 1.3.1.

Kidevu hakuwepo kwenye foleni ya chakula. Alikuwa Morogoro msibani.

Kipande cha Kidevu kilikuwa kimeandikwa kwamba kinahitaji hesabu "~1.3.0". Kwa wasiojua, sisi tunatumia npm, na hiyo alama ya wimbi maana yake ni nipe 1.3.0 au yoyote iliyoongezeka tarakimu ya mwisho tu, 1.3.1, 1.3.2 na kuendelea, lakini usinipe 1.4.0. Yaani Kidevu alikuwa anasema: nawaamini, marekebisho madogo nileteeni bila kuniuliza. Kwa wiki nzima hakikutokea kitu, maana laptopu yake ilikuwa bado na 1.3.0 iliyopakuliwa zamani. Halafu Ijumaa ile amerudi, diski ikafa. Akaazima laptopu ya jirani, akapakua kila kitu upya, na npm kwa utiifu kabisa ikamletea 1.3.1. Lipo faili linaloitwa package-lock.json ambalo kazi yake ni kukumbuka namba kamili za kila kitu ili ukipakua upya upate vilevile ulivyokuwa navyo. Sisi tulikuwa tumeliweka kwenye orodha ya mafaili ya kupuuzwa kwa sababu lilikuwa refu na linatuletea migongano kwenye Git. Naona aibu kuandika hivi lakini ndivyo ilivyokuwa.

Saa moja jioni meseji zikatoka. Akina mama 19 wenye mikopo wakapata deni lisilo na riba.

Jumamosi wakaja na pesa zao. Wa kwanza ana meseji ya 300,000, amehesabu noti zake vizuri, amezifunga na raba. Shangazi anatazama simu, anatazama daftari, anasema 330,000. Mama yule anasema simu yangu inasema laki tatu, hiyo elfu thelathini ni ya nani? Wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Kufika wa nne mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, kumbe miaka yote hii ndivyo tunavyoliwa.

Nilipigiwa saa kumi na mbili jioni. Shangazi hakuniuliza kuhusu bando wala kitu kingine. Alisema tu, "Baba, njoo," na sauti yake siyo ile ninayoijua. Nikamchukua Profesa, tukadandia daladala, tumesimama hadi mwisho wa safari, hakuna aliyesema neno. Tulipofika wamekaa kimya kwenye mkeka, kisanduku kiko katikati, kufuli zote tatu zimefunguliwa, na wanahesabu pesa noti kwa noti mbele ya kila mtu. Shangazi amekaa pembeni, ameshika kanga mdomoni, analia. Mimi sijawahi kumwona Shangazi analia, hata kwenye msiba wa babu alikuwa ndiye anayetoa maelekezo jikoni.

Profesa, na hapa nampa heshima yake, hakusema "kimsingi". Alisimama mbele ya akina mama 28, akasema shikamooni mama zangu, kosa ni langu mimi, nilibadilisha hesabu na sikumwambia mwenzangu anayetuma meseji, mweka hazina wenu hajakosea hata senti. Pesa zikahesabiwa, zikalingana na daftari, siyo na meseji. Mwenyekiti akasema tumesikia, tumesamehe, lakini wiki ijayo meseji zisitumwe. Wengi waliinuka wakampa Shangazi mkono. Wawili hawakuinuka. Mmoja wao mpaka leo wakikutana sokoni anapita upande wa pili.

Usiku ule tukarudi bwenini, tukagombana kama mnavyojua. Kidevu anasema Profesa ndiye mwenye kosa. Profesa anasema ni Kidevu, mtu gani anapokea vitu bila kusoma. Dada Mkuu anasema aliwaambia toka mwanzo namba iwe moja. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa najua jambo moja: hata kama namba ingekuwa moja, Profesa angepandisha wote kwenda 1.3.1 na Kidevu bado angepokea hesabu iliyobadilika. Namba moja ingetuficha tatizo, isingelitibu.

Kwa hiyo nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Na wadau, haya mambo wameyapitia watu wakubwa kabla yetu.

Kuna mwongozo unaitwa Semantic Versioning, ulioandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, na toleo lake la 2.0.0 lilitoka 2013. Unasema namba tatu zina maana tatu. Ya mwisho inapanda ukirekebisha kosa bila kuharibu matumizi ya mtu. Ya katikati inapanda ukiongeza kitu kipya huku vya zamani vikiendelea kufanya kazi vilevile. Ya kwanza inapanda ukibadilisha kitu ambacho mtu anakitegemea. Pia unasema toleo ukishalitoa usiliguse tena, mabadiliko yoyote yanakuwa toleo jipya. Hakuna mahali panaposema hesabu mistari mingapi umebadilisha! Mstari mmoja unaweza kuwa 2.0.0 na mistari elfu kumi inaweza kuwa 1.3.1. Swali ni anayekutegemea ataumia au hataumia. Profesa alikuwa anapima jasho lake mwenyewe, wakati namba inatakiwa kupima mzigo utakaomwangukia mwenzake.

Siyo kila mtu anafuata mwongozo huo, na siyo lazima. Linus Torvalds alipoitoa Linux kutoka 2.6 kwenda 3.0 mwaka 2011 hakukuwa na mapinduzi yoyote ndani yake, namba tu zilikuwa zimekuwa kubwa mno. Ubuntu wanatumia mwaka na mwezi, ndiyo maana ya kwanza iliitwa 4.10, yaani Oktoba 2004. Na mzee Donald Knuth na TeX yake, kila akirekebisha anaongeza tarakimu moja ya pai, mwaka 2021 alifika 3.141592653. Shida haiko kwenye aina ya namba unayochagua. Shida ni pale wewe unapomaanisha kimoja na anayepokea anaelewa kingine.

Halafu nikakuta kesi za vipande vingi kama sisi, nikachoka. X, mfumo unaochora madirisha kwenye Linux, ulikuwa donge moja kubwa linalotolewa kwa mkupuo. Desemba 2005 wakatoa msimbo uleule kwa sura mbili kwa wakati mmoja: X11R6.9 kama donge, na X11R7.0 uliokatwa katika moduli nyingi, kila moduli na namba yake. Baada ya hapo moduli zikawa zinatoka kila moja kwa wakati wake, na mpaka 2012 mara mojamoja walikuwa wanakusanya zile zilizojaribiwa pamoja na kuziita R7 fulani. KDE nao mpaka 2014 walikuwa wanatoa karibu kila kitu chini ya namba moja, kisha wakatenganisha: maktaba kwa ratiba yake, meza ya kazi ya Plasma kwa ratiba yake, programu kwa ratiba yake. Lakini Februari 2024 walipohamia toleo la 6 walikubaliana vyote vitatu vitoke siku moja, kwa sababu kilikuwa kivuko kikubwa na hakuna aliyetaka mwenzake abaki ng'ambo.

Na wapo waliokwenda upande wa Dada Mkuu. Angular, vipande vyao vingi vilikuwa toleo la 2 ila kile cha ruta kilishafika 3. Mwaka 2017 wakaruka 3 moja kwa moja, wakatoa Angular 4, ili vyote viwe na namba moja na watu wasichanganyikiwe. Kwao ilikuwa sahihi, maana anayetumia Angular anachukua vyote kwa pamoja. Nilimwonyesha Dada Mkuu akafurahi sana, ikabidi nimkumbushe kwamba Shangazi hachukui vyote kwa pamoja. Seva tunaibadilisha sisi dakika yoyote, lakini simu ya Shangazi inabadilika siku akiwa na bando na moyo wa kupenda. Vitu vinavyotembea kwa mwendo tofauti huwezi kuvifunga kamba moja miguuni.

Hata hapa nyumbani kwetu Afrika Mashariki ipo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, umejengwa kwa moduli, na kila moduli ina namba yake. Ndani ya kila moduli kuna faili linalosema mimi nahitaji kiini cha toleo hili na moduli zile za matoleo yale. Moduli haiingii kimyakimya, inajitambulisha mlangoni. Nikasema kama kumbukumbu za wagonjwa zinatunzwa hivi, sisi wa VICOBA tuna kiburi gani?

Lakini dawa kamili, amini usiamini, ilitoka kwenye daftari la Shangazi.

Nilikwenda Jumapili iliyofuata kumwomba radhi vizuri, na soda na mkate mkononi. Akanikaribisha, tukala, halafu akanifungulia daftari. Kila mwanachama ana kitabu chake cha hisa, na kila kitabu kinaenda kwa mwendo wake: huyu yuko ukurasa wa 4, yule wa 11, kuna aliyekosa mikutano mitatu. Hakuna anayewalazimisha wote wawe ukurasa mmoja. Lakini kila Jumamosi katibu anaandika ukurasa mmoja kwenye daftari kuu, juu kabisa anaweka namba ya mkutano, na chini orodha: kitabu cha fulani kimeishia hapa, cha fulani kimeishia hapa, kisanduku kina kiasi hiki. Wanasoma kwa sauti, wote wakikubali, ukurasa unafungwa. Hauguswi tena. Kukiwa na ugomvi hawabishani kutoka kichwani, wanafungua mkutano wa mwisho uliokubaliwa.

Nikamwambia, "Shangazi, sisi hiki ndicho tulichokosa." Akasema, "Nyie mlikosa kuulizana tu baba." Nayo ni kweli.

Sasa hivi tunafanya hivi, kwa mwenye projekti ya vipande anayetaka kunakili, nakili tu, hili desa ni la bure:

Kwanza, kila kipande kina namba yake na maana ya namba tumeiandika kwenye karatasi ukutani. Yale mabadiliko ya Profesa tuliyafuta, tukayatoa upya kwa utaratibu. 1.4.0 ikaongeza fankisheni mbili mpya, "mtaji" na "riba", na ile "deni" ya zamani ikabaki vilevile na onyo kwamba itaondoka. Kila mtu akahama kwa wakati wake. Kidevu alipohama wa mwisho, ndipo Profesa akaiondoa "deni" na kutoa 2.0.0. Hakuna aliyeumia.

Pili, kila toleo lina maelezo yake ya kilichobadilika, kwa Kiswahili cha kawaida, mistari mitatu inatosha. Foleni ya chakula siyo njia rasmi ya mawasiliano.

Tatu, package-lock.json imerudi kwenye Git, na kwenye mashine za kazi tunatumia "npm ci" badala ya "npm install". Hiyo inafuata lile faili neno kwa neno, na likiwa halikubaliani na mahitaji yaliyoandikwa inagoma. Heri mashine igome Ijumaa usiku kuliko akina mama wagombane Jumamosi.

Nne, seva inaongea lugha mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na mpya, na simu ikipiga hodi inataja namba yake. Toleo la zamani linahudumiwa mpaka watu wote watatu wamehama. Na taarifa ya toleo jipya haimfikii Shangazi ila kama kuna kitu chake kweli ndani yake.

Tano ndiyo ukurasa wa katibu. Tuna faili moja linaitwa "mkutano". Mkutano wa 7: hesabu 2.0.1, seva 1.6.0, meseji 1.4.2, simu 1.3.5. Vipande hivyo vinne kwa namba hizo tumevijaribu pamoja, na jaribio la kwanza kabisa ni kwamba meseji na simu zinataja deni moja kwa mkopo mmoja. Vikipita, tunaweka lebo kwenye Git na haibadilishwi. Laptopu ikifa, tunarudi kwenye mkutano wa mwisho, siyo kwenye "mpya kuliko zote".

Ina gharama yake, nisiwadanganye. Kulinda lugha mbili kwenye seva ni kazi mara mbili. Dada Mkuu analalamika kwamba kila badiliko dogo lina makaratasi. Kama mko wawili na kila kitu kinatoka siku moja kwenda kwa mtu mmoja, namba moja inatosha, msijitese.

Tulitetea juzi Alhamisi. Mmoja wa waliokuwa mezani akatazama slaidi akauliza, mbona namba zenu hazilingani, hii 2 hii 1, mmekosea? Tukatazamana. Profesa akasimama, akaeleza yote, mpaka foleni ya chakula, mpaka mkeka. Aliposema neno Shangazi sauti ikamkwama kidogo, akanywa maji. Matokeo hayajatoka, tuombeane.

Meseji zilirudi baada ya wiki tano, akina mama wenyewe ndio waliopiga kura. Ijumaa iliyopita Shangazi akanipigia kabla hazijatoka. Safari hii hakuniuliza tumeongeza nini. Aliuliza, "Baba, mko mkutano wa ngapi?" Nikamwambia wa tisa. Akasema subiri, nikasikia anafunua karatasi, akaiandika kwenye daftari.

Ni hayo tu kwa leo. Yule mama wa sokoni bado hamsalimii, na hilo sina toleo la kulirekebisha. Mwenye mtihani kesho akalale. Alamsiki.